Dola 298 za Nancy Killefer

Tarehe 3 Februari 2009, Nancy Killefer alimwandikia Rais Barack Obama akiomba jina lake liondolewe. Alikuwa ameteuliwa kushika wadhifa mpya kabisa Ikulu ya Marekani: kusimamia ufanisi wa serikali, apite wizara kwa wizara akitafuta fedha zinakovujia. Kilichomkwamisha ni dola 946 na senti 69. Mwaka 2005 serikali ya jiji la Washington iliandikisha deni hilo juu ya nyumba yake kwa sababu hakuwa amelipa kodi ya bima ya ukosefu wa ajira kwa ajili ya msaidizi wa nyumbani.

Saa chache tu baadaye Tom Daschle naye akajitoa. Huyu alikuwa kigogo, kiongozi wa zamani wa Seneti, aliyetarajiwa kuwa waziri wa afya na kuongoza mageuzi ya bima ya matibabu. Yeye alikuwa amelipa malimbikizo ya zaidi ya dola 128,000, na riba juu yake karibu dola 12,000. Sehemu kubwa ilitokana na gari na dereva aliopewa na mwekezaji rafiki yake ambaye Daschle alimshauri katika biashara. Jioni ile Obama alizunguka kwenye televisheni moja hadi nyingine akikiri kwamba amevurunda, na kwamba hapawezi kuwa na sheria mbili, ya wakubwa na ya watu wa kawaida.

Watu wakapiga makofi. Hata huku kwetu wapo waliosema, ona wenzetu wanavyojiheshimu. Mimi ile hesabu ya Killefer imenikaa kichwani miaka yote hii, na kila nikiifungua inanitatiza zaidi. Katika zile dola 946.69, kodi yenyewe ni dola 298. Riba ni dola 48.69. Faini ni dola 600. Yaani faini ilikuwa mara mbili ya kodi, na deni lote lilikuwa limekwisha kulipwa miaka kadhaa kabla Obama hajaota kumteua. Si kwamba alilipa kwa sababu kamati ya Seneti inakuja. Alidaiwa, akalipa, maisha yakaendelea, kisha karatasi ikafufuka.

Sasa rudi nyuma siku nane. Tarehe 26 Januari, Seneti ilimthibitisha Timothy Geithner kuwa waziri wa fedha kwa kura 60 dhidi ya 34. Geithner alifanya kazi Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mwanzoni mwa miaka ya 2000. IMF haikati kodi ya Hifadhi ya Jamii kwenye mishahara ya Wamarekani wake. Kwa kodi hiyo sheria inawahesabu kama watu waliojiajiri, wakalipe wenyewe. Hakulipa, kuanzia 2001 hadi 2004. IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, ilipomkagua mwaka 2006 ilimdai miaka miwili ya mwisho, akalipa. Ile miwili ya mwanzo, ambayo kosa lake lilikuwa lilelile, ilikuwa imeshapita muda wa kudaiwa kisheria. Akanyamaza nayo. Aliilipa mwishoni mwa 2008, wapambe wa rais mteule walipoanza kupekua majalada yake. Jumla ya kodi ilikuwa dola 34,023, na pamoja na riba ikavuka 42,000. Huyo ndiye aliyekabidhiwa wizara ambayo IRS iko chini yake.

Aliyelipa kabla ya kuteuliwa akaenda nyumbani. Aliyemalizia baada ya kupekuliwa akaapishwa.

Najua jibu lake. Benki ya Lehman ilikuwa imeanguka Septemba, uchumi unaporomoka, na Geithner, aliyekuwa mkuu wa Benki Kuu tawi la New York, alikuwa miongoni mwa wachache walioijua dharura ile kwa ndani. Nyumba ikiwaka moto humuulizi mwenye ndoo kama amelipia maji. Nakubali. Ila tukubali pia kwamba hapo kipimo hakikuwa kodi tena, kilikuwa uhitaji.

Upande unaotaka mlango ufungwe kwa kila mwenye deni una hoja nzito, na siipuuzi. Kodi ni mkataba wa kuaminiana. Mwenye duka akisikia waziri wa fedha alisahau kulipa miaka minne, naye atasahau. Na watu hawa si wakulima wa kijijini wasiojua fomu. Wana wanasheria, wana wahasibu, na Killefer mwenyewe aliwahi kuwa kigogo wizara ya fedha na mwenyekiti wa bodi iliyokuwa ikiisimamia IRS. Kwa mtu kama huyo, "sikujua" haiuziki. Geithner pia IMF ilimlipa posho ya kufidia kodi hiyohiyo, na kila mwaka alitia saini kuiomba. Ukipewa nauli na kondakta akasahau kukudai, nauli haijawa yako.

Lakini hoja hiyo hupita haraka mno juu ya jambo moja. Walio wengi kati yetu, wale tunaotoka na karatasi ya mshahara mwisho wa mwezi, hatujawahi kulipa kodi. Tumekatwa. Mhasibu anakata kabla fedha haijagusa akaunti, na sisi tunabaki tunajisifu uadilifu ambao haujajaribiwa hata siku moja. Kodi zinazowanasa wateule karibu zote ni za aina nyingine, zile zisizo na mtu katikati: kujiajiri, posho, zawadi yenye thamani, mshahara unaomlipa wewe mtu aliye nyumbani kwako. Hapo ni lazima ujikumbushe, ujikadirie, ujaze, upeleke. Mpe hesabu za namna hiyo kwa miaka kumi kila mbunge na kila mhariri anayelaani, kisha tuone nani atabaki ameshika jiwe.

Na sheria yenyewe inaweza kuwa ndiyo mbovu. Mwaka 1993 Bill Clinton alimteua Zoe Baird kuwa mwanasheria mkuu wa serikali, mwanamke wa kwanza. Ikajulikana kwamba yeye na mumewe waliajiri yaya na dereva, wanandoa kutoka Peru wasio na kibali cha kuishi nchini, na hawakuwalipia kodi ya Hifadhi ya Jamii. Simu zilimiminika kwenye ofisi za maseneta, akajitoa Januari. Akafuata Kimba Wood, jaji. Yeye alikuwa amelipa kodi zote za yaya wake, na alimwajiri kabla ya sheria ya 1986 iliyofanya kuajiri mhamiaji asiye na kibali kuwa kosa. Hakuvunja chochote. Akajitoa vilevile Februari, kwa kuwa kesi yake ilifanana na ya Baird kwa mtu asiyesoma zaidi ya kichwa cha habari. Kiti akakipata Janet Reno, ambaye hakuolewa wala hakuwa na mtoto wa kulelewa na yaya.

Siku zilezile waziri wa biashara wa Clinton, Ron Brown, aliungama kuwa hakumlipia kodi mwanamke aliyemfanyia usafi nyumbani. Akalipa, akabaki na uwaziri wake.

Sakata lile liliwafanya Wamarekani waitazame sheria kwa mara ya kwanza, wakashtuka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilisema kwamba ukimlipa mtumishi wa nyumbani dola 50 ndani ya miezi mitatu, unapaswa kumlipia Hifadhi ya Jamii. Dola 50 za mwaka 1950 zilikuwa fedha. Kufikia 1993 zilikuwa malipo ya binti wa jirani kukaa na mtoto jioni chache za Jumamosi. Nchi nzima ilikuwa na deni bila kujua. Mwaka 1994 Bunge lilipandisha kiwango hadi dola 1,000 kwa mwaka na kuruhusu kodi hiyo ilipwe pamoja na fomu ya kawaida ya mapato. Hebu fikiria: mlango uliomfungia Baird ulikuwa, kwa kiasi fulani, na bawaba zilizooza, nao wakazitengeneza baada ya yeye kuondoka. (Mshahara wake wa zaidi ya dola laki tano kwa mwaka haukumsaidia kuonewa huruma, lazima niseme.)

Itakuwa uongo nikidai kwamba ungo huu hunasa wanawake peke yao. Daschle ni mwanamume. Bernard Kerik, aliyeteuliwa na George W. Bush mwaka 2004 kuongoza usalama wa ndani, naye alijitoa akitaja habari ya yaya. Lakini mwaka 2017 Mick Mulvaney alikiri kutolipa zaidi ya dola 15,000 za kodi ya yaya wake, na Seneti ikampa ofisi ya bajeti kwa kura 51 dhidi ya 49. Weka dola 15,000 za msimamizi wa bajeti kando ya dola 298 za msimamizi wa ufanisi, halafu unieleze sheria ni ipi. Mimi ninachokiona ni kwamba mteule huanguka au husimama kulingana na kura alizo nazo na wiki aliyotajwa. Zamu ya Killefer iliangukia wiki mbaya, kati ya Geithner aliyekwisha kuwachosha maseneta na Daschle aliyekuwa anazama.

Kwa jirani zetu Kenya swali hili lina sura yake. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu kwa kila anayetaka uongozi, na mteule wa uwaziri hufika mbele ya kamati ya Bunge la Taifa akiwa na cheti cha KRA, mamlaka ya mapato ya huko, cha kuonyesha kodi zake ziko sawa. Kijana anayeomba kazi ya umma naye amekuwa akiambiwa alete cheti hicho. Ni utaratibu mzuri kuliko wa kwetu Tanzania, ambako Bunge hupiga kura juu ya Waziri Mkuu tu na mawaziri wengine huapishwa bila mtu kuwauliza hadharani hata swali moja. Ila cheti kinasema jambo dogo: kwamba kwenye mfumo, leo, hudaiwi. Hakisemi ulianza kulipa lini, wala kama ulilipa jana usiku. Geithner wa Januari 2009 angekipata bila shida. Killefer pia. Cheti kisingetofautisha kati yao, na tofauti ndiyo tunayoitafuta.

Ningekuwa na kiti kwenye kamati kama hiyo ningeanza na tarehe, kiasi kikaja baadaye. Ulilipa lini, na nani alikuwa amekushika mkono siku hiyo? Aliyekosea akarekebisha peke yake, kosa lake limekwisha, hata kama ni milioni. Aliyesubiri barua ya uteuzi ndiye wa kuulizwa zaidi, hata kama ni elfu. Kwa kipimo hicho Daschle angekuwa na kazi kubwa ya kujieleza, Geithner pia, na Killefer angekuwa kazini Jumatatu.

Hapo ndipo huruma yangu kwa Killefer inapokutana na mtu mwingine. Zile dola 298 hazikuwa kodi ya barabara wala ya jeshi. Ilikuwa bima ya kumkimu mfanyakazi akipoteza kazi. Kodi ya yaya wa Baird ilikuwa pensheni ya yaya. Magazeti yalijaza kurasa kwa waajiri, nani kaanguka na nani kabaki, na sikumbuki hata mmoja wao akiuliza kama dada yule wa Washington alipata chochote alipoondoka nyumba ile. Nami ninayeandika haya nimekaa mezani, jikoni kuna mtu ameinjika chai, ana miaka mitatu kwetu, na NSSF hawana jina lake.