Nyie wa kuhadithia mwisho wa riwaya, mna nini lakini?

Jamani ni lazima? Nimejikalia zangu kwenye daladala ya Igoma, hapa Mwanza, hedifoni masikioni, kitabu kinasomwa ndo kwanza sura ya tatu, jirani anachungulia simu yangu, "aah hiyo! Si mume ndo muuaji!" Nani kakuuliza?

Rosa Mistika nayo, ya Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe hapo ng'ambo tu, kitabu cha tangu 1971, nilimaliziwa na muuza sato Mwaloni Kirumba huku ananiparulia magamba, nani kafa, nani kabaki, yote, na kisu anacho mkononi sasa namjibu nini?

Ukinuna wanasema "si hadithi tu dada". Haya, kama ni hadithi tu mbona midomo inawawasha hivyo?