Usimwambie mwandishi "hongera" tu, mwonyeshe sentensi uliyoacha kuamini

Hadithi za mashabiki, zile ambazo wapenzi wa katuni huzitunga wenyewe kwa kutumia wahusika wa wengine, zikiwapeleka mashujaa hao kwenye Vita vya Pili vya Dunia, zina wasomaji wengi wakarimu, ila wenye msaada ni wachache. Sura ikishasomwa, mwandishi chipukizi hupata "hongera sana, tunasubiri inayofuata" kumi, pamoja na ubishi mmoja mrefu kuhusu aina ya bunduki. Anashukuru, anaendelea, na sura ya tisa inatoka na kasoro zilezile za sura ya kwanza. Kwa maoni yangu, msomaji anayetaka kumsaidia mwandishi wa namna hii ana kazi moja kubwa: kuitaja sentensi ambayo alipoifikia aliacha kuamini, na kusema kwa nini. Mengine ni nyongeza.

Katika hadithi hizi imani hupotea kwanza kwenye swali moja: kwa nini vita havijaisha? Februari 1940 gazeti la Look la Marekani liliwaomba Jerry Siegel na Joe Shuster, waliomuumba Superman, waonyeshe shujaa wao angevimalizaje vita vya Ulaya. Kurasa mbili ziliwatosha. Superman anapinda mizinga, anamnyakua Hitler, anamfuata Stalin, kisha anawafikisha wote wawili Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Kwa nguvu alizopewa, hakuna cha kumzuia. Basi Marekani ilipoingia vitani ikabidi atafutiwe kizuizi. Mwaka 1942 Clark Kent alikwenda kupimwa ili ajiunge na jeshi, macho yake yakapenya ukuta bila yeye kutambua, akasoma herufi za chati iliyokuwa chumba cha pili, na akakataliwa kwamba haoni. Kuanzia 1981, katika mfululizo wa katuni wa All-Star Squadron, mwandishi Roy Thomas naye alimpa Hitler mkuki wa kichawi uliowazuia mashujaa wenye nguvu kubwa kuingia kwenye himaya yake.

Waandishi wa kulipwa wenyewe walihangaika na tundu hilo, kwa hiyo si aibu mwandishi chipukizi kutumbukia humo. Msomaji amsaidie kulipima. Chukua nguvu kubwa kuliko zote ambazo shujaa amezionyesha hadi sasa, zipeleke kwenye tatizo la sura unayoisoma. Katika sura ya pili ameinua kifaru cha Sherman, chuma cha tani 30. Katika sura ya sita bunduki moja ya rashasha iliyojificha kwenye handaki la zege inamzuia asubuhi nzima, na wenzake wawili wanauawa. Hapo usiandike "sura ya sita haijanivutia". Andika: "Aliyeinua kifaru angeweza kukibeba akakitanguliza kama ngao. Nilipofika pale shujaa wako anapojilaza matopeni, nilikuwa namsubiri afanye hivyo, na vifo vya wale wawili havikuniuma kwa sababu niliona vimelazimishwa." Mwandishi akisoma hivyo anajua achague lipi: apunguze nguvu za sura ya pili, au aongeze kizuizi cha sura ya sita. Uchaguzi ni wake. Usimwandikie hadithi.

Ukitaka kumsogeza mbele kidogo, muulize nguvu hizo zinamgharimu nini shujaa. Askari wa Marekani aliyekuwa mstari wa mbele alipewa chakula cha K-ration, boksi tatu kwa siku, jumla yake kalori zisizofika 3,000. Shujaa ambaye mwandishi amesema mwili wake unachoma chakula mara nne ya mtu wa kawaida anahitaji boksi 12 kila siku. Nani anazibeba? Nani anakosa mgawo wake ili yeye ashibe? Swali moja la chakula linaweza kuzaa ugomvi wa kikosi kizima, na ugomvi huo utasomwa kwa hamu kuliko ngumi ya ishirini.

Ili kulikwepa lile swali la kwa nini vita havijaisha, mashabiki wengi humkimbilia Captain America, shujaa mwingine wa katuni za Marekani. Jalada la toleo lake la kwanza, la Machi 1941, lilimwonyesha akimpiga Hitler ngumi, miezi kabla ya nchi yake kuingia vitani. Hata hivyo nguvu zake ni za mwili wa binadamu uliofikishwa kwenye upeo wake: yuko mahali pamoja kwa wakati mmoja, na akizingirwa amezingirwa. Anaenea ndani ya vita bila kuvipasua. Tatizo lake liko kwingine. Kila msomaji anajua alilala kwenye barafu akaibuliwa katika toleo la nne la katuni ya Avengers mwaka 1964, kwa hiyo sura inayofungwa kwa swali la kama atapona au hatapona haimtishi mtu. Ukikutana na mwisho wa namna hiyo, mweleze mwandishi kwamba hofu yako ilikuwa kwa mhusika mdogo, tuseme fundi wa redio wa kikosi, ambaye hakuna anayejua mwisho wake.

Sasa tuitazame aya kwa karibu. Hii nimeitunga kwa kukusanya makosa yanayorudiwarudiwa:

"London, Oktoba 1940. Kapteni alikimbia chini ya taa za barabarani, askari wenzake wa Marekani wakimfuata. Aliinua Garand yake akafyatua risasi kumi na mbili mfululizo. Ndege ya Wajerumani ikaanguka nyuma ya kanisa. Vita ni vibaya, aliwaza kwa uchungu."

Mpenzi wa historia atairukia kwa furaha. London ilikuwa kwenye giza la lazima tangu tarehe 1 Septemba 1939, taa za barabarani zimezimwa, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vizito. Wanajeshi wa kwanza wa Marekani walitua Uingereza, upande wa Ireland Kaskazini, Januari 1942. Garand, bunduki ya askari wa Marekani, hupakiwa risasi 8 zilizoshikwa pamoja kwa kibanio cha chuma. Ya nane ikitoka, kibanio huruka juu kwa mlio mkali na bunduki hubaki wazi mpaka askari asukumize kingine kwa kidole gumba. Yote ni kweli. Lakini msomaji akiishia hapo amesahihisha kalenda, hajasahihisha hadithi.

Sentensi mbovu kuliko zote ni ya mwisho, na ndiyo ambayo wengi huipita. "Vita ni vibaya" ingeweza kuwazwa na mtu yeyote, mwaka wowote, mji wowote. Ningeanza nayo, na ningeandika hivi: "Kapteni ameona ndege ikianguka nyuma ya kanisa. Ndani yake kuna rubani, na nyuma ya kanisa huenda kuna watu. Nilitaka kujua jicho lake lilitua wapi. Umenipa wazo la jumla wakati nilikuwa tayari kumfuata hadi kule nyuma."

Halafu historia, na hapa ipo njia ya kuitoa ambayo haimvunji mtu moyo. Kila sahihisho liambatane na kile ambacho hadithi inapata. Giza la London ni zawadi kwa mwandishi: shujaa anayekimbia katika mji usio na taa anajigonga, anapotea, anasikia kabla ya kuona. Risasi 8 ni zawadi pia, kwani ule mlio wa kibanio ni sekunde chache ambazo hata mwenye nguvu za ajabu hana cha kufyatua. Kuhusu Wamarekani, kama anaitaka sana Oktoba 1940, kikosi namba 71 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa kimeundwa Septemba mwaka huohuo kwa marubani wa kujitolea kutoka Marekani. Wawili watatu wa hao wanatosha, naye hatalazimika kubadili tarehe.

Makosa yasiyobeba uzito wa tukio yaache. Kifungo cha koti kikiwa cha rangi isiyo yake, hakuna kinachoanguka. Nimeona masahihisho ya silaha yakijaza kurasa mbili bila neno moja juu ya wahusika, na hayo huua uandishi haraka kuliko ukimya. Kipimo changu ni hiki: ukiondoa kosa hilo, je, kuna mtu katika sura atakayelazimika kufanya jambo tofauti? Kama hayupo, nyamaza.

Namna ya kusoma nayo ina utaratibu wake. Mara ya kwanza soma bila kusahihisha, weka alama tu pale akili ilipotangatanga. Mara ya pili tafuta sababu, na uitafute juu ya alama, kwa sababu chanzo mara nyingi kipo aya tatu au nne nyuma. Mapigano yaliyokuchosha katika aya ya 12 huenda yalichosha kwa kuwa aya ya 8 haikusema kikosi kinataka kuliteka daraja au kulilipua. Kwenye mapigano chukua penseli uchore: mto huu hapa, adui yule pale, shujaa ametokea upande gani. Waandishi wengi huyaona mapigano vizuri vichwani mwao wakasahau kuyaweka chini. Penseli ikikwama, nukuu sentensi iliyoikwamisha. Kwa sura ya maneno 3,000, maoni ya maneno 200 hadi 300 yenye mambo matatu yanatosha. Ukifikisha la saba mwandishi hajui aanzie wapi, na ataanza na lile jepesi.

Liko jambo moja ambalo nadhani wasomaji wanaliogopa bila sababu: kusema hadithi inapowakosea heshima waliokufa kweli. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa takriban watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ilijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, na manowari za Waingereza zikadondosha mabomu ya majini palepale walipokuwa watu hao. Mwandishi wa kwetu akitaka shujaa katika vita hivi, tukio hili litamvutia, na kishawishi kitakuwa kumleta shujaa arukaye awaokoe wote.

Msomaji asinyamaze hapo. Wale askari hawakuokolewa, na wapo wajukuu wao wanaosoma Kiswahili. Shujaa akiinyanyua meli, vifo hivyo vinageuzwa pambo la kumsifia yeye. Lakini shujaa aliyefika amechelewa, au aliye juu ya manowari akiwa na uwezo wa kumtoa majini mtu mmoja mmoja tu huku nahodha akijua nyambizi hiyo ikitoroka itazamisha meli nyingine, ana hadithi. Mwambie mwandishi hivyo waziwazi, kwa adabu, na umtajie aya.

Wanaodai kila kitu kifanane na katuni ya asili sina mengi ya kuwaambia. Hadithi ya shabiki huvunja mambo kwa makusudi. La kuuliza ni kama uvunjaji huo umeheshimu kanuni zilizowekwa na hadithi yenyewe.

Mwandishi naye aombe vizuri. "Mnaionaje?" huzaa "nzuri sana". Aulize mambo yanayojibika: uliacha kuamini wapi, mapigano ya darajani unaweza kuyachora, nani ulimhofia. Maoni yakija asibishane. Ayaweke siku mbili tatu, kisha ayapange kwa kufuata aya na si kwa kufuata majina ya waliosema. Wasomaji wawili wakiigusa aya ileile kwa sababu zinazopingana, mmoja akisema ni ndefu na mwingine akisema imekatishwa, sababu zote mbili zinaweza kuwa si sahihi, ila mahali ni penyewe. Marekebisho yaanzie hapo, kabla ya kugusa bunduki yoyote.