Kishikwambi kisichojua shikamoo

Mpwa wangu ana miaka 11, na tunaishi Ujiji. Ana mtindio wa ubongo. Anasikia vizuri, anaelewa vizuri, ila ulimi na mikono havimtii. Ndiyo yake ni kuinua macho juu. Hapana yake ni kuyafumba. Sisi wenye ndimi ndio tunaomuuliza kutwa nzima: maji? Choo? Jua linakuchoma?

Mwezi uliopita alitutembelea mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayetafiti vifaa vya mawasiliano kwa watu wasioweza kuongea. Alikuja na kishikwambi chenye picha. Anapitisha kidole picha moja hadi nyingine, macho ya mtoto yakiinuka anabonyeza, na sauti inatoka.

Tukiwa barazani akaingia babu wa nyumba ya pili, anatoka msikitini. Mtoto akaanza kuhangaika. Kidole kikapita chakula, maji, kulala, kuumwa. Kote anafumba macho. Mama yake ndiye aliyeng'amua: anataka kumwamkia babu. Shikamoo haikuwemo.

Hapo ndipo ninapotaka watafiti wetu waanzie. Nyingi ya mbao hizi za picha zinazotumiwa kwenye vishikwambi zimezaliwa katika Kiingereza, neno moja picha moja. Picha ya sahani ilitamka "kula", na kwetu hiyo ni amri! Mtoto atasemaje sijala, nimeshiba, mbona hamjanipakulia? Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja, na kifaa kisichojua viambishi kinamfanya mtoto mwenye akili timamu aonekane hana adabu.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, nao unazitambua njia mbadala za mawasiliano. Mimi naamini haki hiyo ni zaidi ya kuomba maji. Ni kukataa, kuuliza, kubisha, kumtania binamu, kumwamkia mkubwa. Na sauti iwe ya rika lake. Kile kishikwambi kilimsemea kwa sauti nzito ya mwanaume mzima, dada yangu akashtuka kuisikia.

Nashukuru mtafiti hakubishana nasi. Jioni ileile alimwita mtoto wa jirani, wa rika la mpwa wangu, akarekodi sauti yake na kuiweka kwenye picha mpya.

Kesho yake babu alipopita, macho yakapanda.

"Shikamoo babu."

Babu akasimama, akavua kofia. "Marahaba, mjukuu wangu."

Macho yakapanda tena. Mara tatu alimwamkia, na mara tatu babu akaitikia.