Namba kubwa: JavaScript hukosea kimyakimya, Python hulipia usahihi kwa kupoteza kasi

Fungua konsoli ya kivinjari, andika 9007199254740993. JavaScript, lugha ya programu inayotumiwa na vivinjari, itakurudishia 9007199254740992, bila onyo lolote. Python, lugha nyingine ya programu, inairudisha kama ilivyo. Hata ukiipandisha kwa kipeo cha 100, hakuna tarakimu inayopotea.

Tangu 1995 JavaScript hutunza namba zake za kawaida kwa mfumo wa nukta inayoelea wa biti 64, unaotunza namba kamili na za desimali kwa namna moja, na biti za usahihi ni 53 tu. Ukishavuka 9007199254740992, namba witiri hazina tena nafasi. Kila moja husogezwa kwenye shufwa ya jirani.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito. Aina moja ya namba humwondolea anayeanza mzigo wa kutofautisha 3 na 3.0, na prosesa huzikokotoa moja kwa moja. Python huigawa namba kubwa vipande vipande kwenye kumbukumbu, na gharama yake inaonekana: mwaka 2022 iliwekewa kikomo cha tarakimu 4300 katika kubadili maandishi kuwa namba kamili na kinyume chake, maana mshambuliaji angeweza kutuma mlolongo mrefu wa tarakimu na kuilemea seva.

Pamoja na hayo, naegemea Python. Programu ikichelewa utaona. Tarakimu iliyobadilika kwenye kitambulisho inakupeleka kwenye rekodi ya mtu mwingine, na hakuna anayeshtuka. Twitter, ilipohamia vitambulisho vya biti 64 mwaka 2010, ilibidi iongeze id_str, yaani kitambulisho kilekile kikiwa maandishi.

BigInt, aina ya namba kamili kubwa iliyoingia rasmi kwenye JavaScript mwaka 2020, ni tiba nusu. Ukijaribu kuijumlisha na namba ya kawaida inagoma na kutoa kosa. Wengi hulalamikia ukali huo, lakini kwangu ndio ubora wake mkubwa. Tatizo liko mlangoni: data ya JSON (muundo wa maandishi ambao programu hutumiana data) ikisomwa kwa njia ya kawaida, tarakimu imeshapotea kabla BigInt haijaiona. Kwa hiyo namba za miamala na vitambulisho virefu vitoke kwenye seva vikiwa ndani ya alama za nukuu.

Ushindi wa Python, hata hivyo, unaishia kwenye namba kamili. Andika 0.1 + 0.2 na Python yenyewe itajibu 0.30000000000000004, sawasawa na JavaScript. Anayeandika programu ya fedha ahesabu kwa senti, au atumie Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama zilivyoandikwa.