Historia ya Marekani darasani: wanagombania 1619 na 1776, na 1877 inapita kimya

Katika jimbo la Texas, mwanafunzi wa darasa la nane husoma historia ya Marekani kuanzia makoloni ya Waingereza hadi mwaka 1877, kilipomalizika kipindi cha kuijenga upya nchi baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini. Akifika sekondari ya juu, mwalimu anaanzia 1877 na kwenda mbele: reli, viwanda, vita kuu mbili za dunia, Vita Baridi, mpaka siku hizi. Majimbo mengine hukata mahali tofauti kidogo, lakini mgawanyo wa namna hii umezoeleka. Nusu ya kwanza hupewa watoto wa miaka 13 au 14, na nusu ya pili vijana wa miaka 16 au 17.

Kwa hiyo Azimio la Uhuru, Katiba, utumwa, kufukuzwa kwa Wacherokee, wenyeji wa asili, katika ardhi yao, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na kukombolewa kwa watumwa karibu milioni nne, vyote vinamwangukia mtoto ambaye sauti yake ndiyo kwanza inaanza kuvunjika. Miaka mitatu baadaye, akili imepevuka na kadi ya kupigia kura iko karibu, lakini ratiba haimrudishi tena huko. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo kubwa la somo hili, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Makelele yako kwingine.

Makelele yenyewe si ya jana. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo lina bodi yake ya elimu na huamua lenyewe nini kifundishwe. Mwaka 1994 wanahistoria waliokuwa wakiratibiwa na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliandaa mwongozo wa historia ambao majimbo yangeweza kuufuata kwa hiari. Kabla haujatoka rasmi, Lynne Cheney, aliyewahi kuongoza taasisi ya serikali iliyosaidia kuugharimia, aliushambulia gazetini: Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililotisha watu weusi, inatajwa mara nyingi, Jenerali Ulysses Grant, aliyeongoza jeshi la Kaskazini hadi ushindi, mara moja tu. Januari 1995 Seneti ilipiga kura 99 kwa 1 kuulaani. Tangu hapo wanasiasa wa pande zote wanajua kwamba kitabu cha historia kinaweza kuwatoa watu nyumbani usiku kwenda kupiga kelele kwenye kikao cha bodi ya shule.

Duru ya sasa ilianza Agosti 2019. Gazeti la New York Times, chini ya Nikole Hannah-Jones, lilichapisha mfululizo wa makala uliotaka hadithi ya Marekani ianzie 1619, mwaka ambao Waafrika zaidi ya 20 waliotekwa Angola walishushwa Point Comfort, Virginia. Septemba 2020 Rais Donald Trump alitangaza tume ya kutetea hadithi inayoanzia 1776, mwaka wa Azimio la Uhuru. Ripoti yake ilitoka Januari 18, 2021. Siku mbili baadaye Joe Biden akaapishwa na kuivunja tume hiyo. Januari 2025 Trump alirudi madarakani na kuifufua. Katikati ya hapo, majimbo kadhaa, yakiwemo Texas, Oklahoma na Florida, yalitunga sheria za kuweka mipaka juu ya namna ya kufundisha masuala ya rangi.

Tuwasikilize kwanza wa 1776, na tuwasikilize kwa haki, maana mara nyingi hoja yao husimuliwa na wapinzani wao. Marekani haikujengwa juu ya kabila moja wala dini moja. Kinachowaunganisha watu wake ni maandishi machache na ahadi zilizomo. Mtoto asiyejua Azimio la Uhuru linasema nini hawezi kumwelewa Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpigania uhuru wa wenzake, aliposimama Rochester, Julai 5, 1852, akiwauliza wazungu sherehe yao inamhusu nini mtumwa. Hawezi pia kumwelewa Martin Luther King alipokwenda Washington mwaka 1963 kudai deni ambalo Azimio na Katiba viliahidi kulilipa. Watu hawa wawili hawakuzitupa nyaraka za waasisi. Walizishika na kuwasomea wenye nchi. Shule inayomfundisha mtoto kuzidharau kabla hajazisoma inamnyang'anya silaha ile ile waliyoitumia.

Isitoshe, waliopinga mradi wa 1619 hawakuwa wanasiasa peke yao. Desemba 2019 wanahistoria watano, miongoni mwao James McPherson na Gordon Wood, waliandika barua wakisema kuna makosa, hasa dai kwamba makoloni yalitafuta uhuru ili kulinda utumwa. Machi 2020 gazeti lilirekebisha sentensi hiyo ikasomeka kuwa hiyo ilikuwa nia ya baadhi ya wakoloni. Neno "baadhi" linaonekana dogo, ila kwa mwalimu aliyekwisha kugawa nakala darasani ni jambo kubwa.

Sasa upande wa pili. Wanaotaka utumwa na ubaguzi viwe katikati ya somo hawaanzii hewani, kwa sababu vitabu vya Marekani vimewahi kupotoshwa kwa makusudi, kwa mpango, na kwa muda mrefu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mildred Rutherford, mwanahistoria wa chama cha mabinti wa wapiganaji wa Kusini, alitoa mwongozo wa kupimia vitabu vya shule. Agizo mojawapo lilikuwa: kikatae kitabu kinachosema Kusini ilipigana ili ibaki na watumwa wake. Vizazi vya watoto, weusi kwa weupe, vilisoma vitabu vilivyochujwa kwa kipimo hicho.

Angalia pia Tulsa, Oklahoma. Kati ya Mei 31 na Juni 1, 1921, kundi la wazungu lilivamia mtaa wa Greenwood, uliokuwa na maduka, hoteli na makanisa ya watu weusi waliofanikiwa, likachoma vitalu 35 vya nyumba. Makadirio ya waliokufa hufika watu 300. Watoto waliozaliwa na kusoma Tulsa yenyewe walimaliza shule bila kulisikia jambo hili darasani, na tume ya jimbo ilitoa ripoti yake mwaka 2001, miaka 80 baadaye. Yaliyofuata hayatii moyo sana. Mwaka 2015 kitabu cha jiografia kilichotumika Texas kilisema biashara ya utumwa ilileta mamilioni ya "wafanyakazi" kutoka Afrika, mpaka mzazi mmoja alipopaza sauti na mchapishaji akaomba radhi. Mwaka 2023 Florida ilipitisha mwongozo wenye sentensi kwamba watumwa walijifunza ujuzi ambao wakati mwingine waliweza kuutumia kwa faida yao. Fundi aliyeuzwa pamoja na vifaa vyake alipata faida gani? Ujuzi wake ulipandisha bei yake sokoni, na bei hiyo ilikwenda kwa bwana.

Kama mizani inapaswa kuelemea upande mmoja, mimi naiona ikielemea huku. Upande mmoja ulizidisha dai na ukasahihishwa ndani ya miezi saba. Upande mwingine ulificha, na ufichaji wake ulidumu karibu karne nzima. Hata hivyo, kukubali hivyo hakujibu swali la mwalimu wa darasa la nane mwenye wanafunzi 30 na dakika 50.

Chukua chanzo cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Wazazi wetu wengi waliofika Marekani kutoka kambi za Nyarugusu au Kakuma wanalijua swali hili, kwa sababu lilikuwamo kwenye maswali 100 ya uraia ya toleo la 2008: taja tatizo moja lililosababisha vita kati ya Kaskazini na Kusini. Majibu yaliyokubaliwa yalikuwa matatu: utumwa, sababu za kiuchumi, haki za majimbo. Mzazi alichagua mojawapo akapata alama yake. Mtoto wake, akipewa darasani tamko la jimbo la Mississippi la Januari 1861 la kueleza kwa nini linajitenga na Marekani, ataona jimbo lenyewe likijieleza mwanzoni kabisa: msimamo wetu umefungamana kikamilifu na utumwa, maslahi makubwa kuliko yote ya mali duniani. Texas nayo iliandika lake mwezi uliofuata, na utumwa umetajwa humo tena na tena bila haya. Mwanafunzi aliyesoma karatasi hizo mbili hahitaji kuambiwa na mwalimu wa kulia wala wa kushoto. Amewasikia wenyewe. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 na kituo cha kutetea haki za kiraia cha Southern Poverty Law Center ulikuta asilimia 8 tu ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari walioulizwa ndio waliotaja utumwa kuwa chanzo kikuu cha vita.

Ndiyo maana walimu wengi hodari wanasema: acheni kubishana kuhusu hadithi, wapeni watoto nyaraka. Ninaunga mkono, ila kwa sharti. Mtoto wa miaka 13 asiyejua kama Lincoln alikuja kabla au baada ya Washington akipewa nyaraka tano zinazopingana atatoka na tano zilizochanganyika. Anahitaji kwanza mfuatano, anahitaji hadithi, na hapa wa 1776 wana hoja ambayo wapenda nyaraka huipuuza. Katika mtihani wa taifa wa mwaka 2022 kwa darasa la nane, ni asilimia 13 tu waliofikia kiwango cha umahiri katika historia ya Marekani, na asilimia 40 hawakufika hata kiwango cha msingi. Watoto hawa hawajafundishwa kuichukia nchi yao wala kuiabudu. Hawaijui.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye 1877. Hadithi kwa mpangilio, pamoja na mabaya yake yote, ifundishwe darasa la nane. Kisha darasa la kumi na moja lisianzie kwenye reli. Lianze kwa wiki kadhaa za kurudi nyuma: Azimio, Katiba na kifungu chake kilichohesabu mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu, matamko ya majimbo yaliyojitenga, na Marekebisho ya Katiba ya 13, 14 na 15, yaliyofuta utumwa na kuwapa waliokombolewa uraia na haki ya kura. Hayo marekebisho si mambo ya makumbusho. La 14, la mwaka 1868, ndilo linalosema aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Mabishano juu ya maneno hayo yamefika Mahakama ya Juu baada ya amri ya Trump ya Januari 2025 ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, na yanawagusa watoto wa wahamiaji moja kwa moja. Kijana wa miaka 17 anayesikia wazazi wakilijadili mezani alilisoma mara ya mwisho akiwa na miaka 13, kama alilisoma.

Kuna pingamizi la kweli: muda. Mtihani wa jimbo la Texas kwa sekondari ya juu umefungwa kwenye kipindi cha baada ya 1877, na mwalimu hupimwa kwa matokeo. Wiki za kurudi nyuma zitakatwa kwenye kitu fulani, na kila kitu kina mtetezi wake. Mimi ningebana orodha za sera za kila rais wa karne ya 20, ambazo hukaririwa na kusahaulika kabla ya likizo. Mwalimu mwingine angebana kwingine. Lakini pasipo bodi za majimbo kubadili mtihani, hilo litabaki juhudi za mtu mmoja mmoja.

Pingamizi la pili ni hofu. Sheria ya Oklahoma ya mwaka 2021 haikatazi kufundisha Tulsa. Inakataza kumfundisha mtu kwamba anapaswa kuona hatia au maumivu kwa sababu ya rangi yake. Kwa maandishi, hilo halina ubaya. Hakuna mwalimu mwema anayetaka kumtwisha mtoto dhambi ya babu yake. Taabu iko kwenye utekelezaji. Mwalimu mwenye mkopo wa nyumba hasomi sheria kama mwanasheria. Akiona mstari hauko wazi, anasimama mbali nao, na somo linalohitaji ujasiri linageuka kuwa ukurasa wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Jambo la kusikitisha ni kwamba utafiti wa Chama cha Wanahistoria wa Marekani wa mwaka 2024, uliowauliza walimu zaidi ya 3,000 katika majimbo tisa, haukukuta madarasa yaliyotekwa na itikadi ya upande wowote. Uliwakuta walimu wanaotegemea vifaa vya bure vya Maktaba ya Bunge na makumbusho ya Smithsonian, wakijaribu kuwa waadilifu. Sheria hizi zinawinda mnyama ambaye ni nadra porini.

Familia zinazozungumza Kiswahili huko Louisville, Dayton, Portland au Phoenix zina mlango wao wa kuingilia katika somo hili, na sijui shule ngapi zimeuona. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba na Sayyid Said, na 1837 ikaweka konseli Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta marekani, ile nguo ya pamba iliyovaliwa kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ya nguo hiyo ilichumwa na watumwa wa Kusini na kufumwa katika viwanda vya Kaskazini. Vita vilipozuka 1861 pamba ikakosekana, na nguo za Uingereza na India zikaingia sokoni. Kwa jora moja la marekani mwalimu anaweza kufundisha kwamba utumwa haukuwa dhambi ya Kusini peke yake, na kwamba bara alikotoka mwanafunzi wake lilikuwemo ndani ya uchumi ule, likinunua na likiuza, watu wakiwemo. Somo hilo haliwapendelei wa 1619 wala wa 1776, na halitupendelei sisi.

Mzazi anaweza kuanzia karibu. Vikao vya bodi ya shule viko wazi kwa umma, na shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwasiliana naye kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo Kiingereza kisiwe kikwazo. Amwombe mwalimu wa historia muhtasari wa mwaka mzima, kisha aulize mambo mawili: mwanangu atasoma nyaraka zipi kwa macho yake mwenyewe, na akifika darasa la kumi na moja, nani atamrudisha nyuma ya 1877?