Mpango wa kusoma Biblia: hesabu, viporo na ukurasa wa tafakari

Desemba ikiingia, maduka ya vitabu vya Kikristo hupanga mezani vitu viwili: vitabu vya tafakari vya mwaka unaokuja, ukurasa mmoja kwa siku, na karatasi za ratiba ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka. Ubishi nao hauchelewi. Kuna wanaosema tafakari ni chakula cha kutafuniwa. Wengine hujibu kwamba kukimbilia sura tatu ili uweke alama ya vema si kusoma Neno. Kila upande una hoja, lakini wengi wanaoacha njiani hawaangushwi na hoja hizo. Huangushwa na hesabu ambayo hawakuipiga mapema.

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189: 929 za Agano la Kale na 260 za Agano Jipya. Gawa kwa siku 365, unapata sura tatu na kidogo. Kanuni ya zamani ya "tatu kila siku, tano Jumapili" ilipigwa vizuri: ni sura 23 kwa wiki, na wiki 52 zinatoa 1,196, ziada ya saba tu. Kwa msomaji wa kawaida ni dakika 15 hadi 20 kwa siku. Mpaka hapo hakuna mzigo.

Sasa fuata mwendo huo kuanzia Mwanzo 1. Wiki tatu za kwanza ni tamu: Ibrahimu, Yakobo, Yusufu, Musa mbele ya Farao. Karibu na tarehe 23 Januari unaingia Kutoka 25, na vipimo vya hema vinaanza: dhiraa, mbao za mshita, mapazia ya singa za mbuzi. Ukidhani umemaliza, sura ya 35 hadi 40 zinarudia karibu yote, safari hii kama taarifa ya ujenzi. Mambo ya Walawi inaanza mwishoni mwa Januari, mwezi ambao tayari una ada za shule. Wiki moja na nusu baadaye kuna Hesabu 7, mistari 89, ambamo wakuu kumi na wawili wanaleta sadaka zilezile na kila mmoja anaandikiwa orodha yake kamili. Katikati ya Aprili ni 1 Nyakati, sura tisa za majina. Na Mathayo? Katikati ya Oktoba. Muumini mpya aliyebatizwa Krismasi anaambiwa, bila mtu kukusudia, asubiri miezi tisa na nusu ndipo afike kwenye Injili.

Ongeza viporo. Malaria ya siku tano ni sura 16 zilizolala. Kuzilipa Jumamosi moja ni zaidi ya saa nzima, na ni katika zile sura za hema. Mara ya kwanza mtu hujikaza. Mara ya pili ratiba hukunjwa na kuwekwa ndani ya jalada la nyuma, na aibu ya kuwa nyuma humfanya asifungue hata sehemu ambazo angezipenda. Kosa hapa ni la ratiba: haikuacha nafasi ya mtu kuugua.

Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Scotland, alijaribu njia nyingine alipowaandalia washarika wake ratiba mwaka 1842. Ni sura nne kwa siku kutoka sehemu nne: tarehe 1 Januari unasoma Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1 na Matendo 1. Mwaka ukiisha umepita Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Faida ni kwamba ukiwa jangwani na Walawi, Injili iko nawe siku hiyohiyo. Hasara ni kukatikakatika: habari nne kwa siku, na kesho yake unarudi kuunga kila moja ilipoishia. Mara nyingi husahaulika kwamba yeye alizigawa, mbili za familia na mbili za faragha. Anayezimeza zote nne usiku, peke yake, anabeba mzigo usiokusudiwa awe nao. M'Cheyne mwenyewe aliandika onyo kuhusu hatari za ratiba yake, ikiwemo kusoma kwa mazoea tu na kujiona mwema kwa sababu umemaliza.

Haya ndiyo yanayowapa nguvu wateteao tafakari, na hawakosei. Ukurasa mmoja unasomeka kabla ya kukimbilia daladala. Kwa ibada ya nyumbani yenye watoto wa miaka sita, unafaa kuliko sura tatu za Ezekieli. Kwa mfiwa, zaburi moja na maneno machache ya mtu anayejua msiba ni msaada kuliko kulazimika kupita Hesabu kwa sababu ni zamu yake. Wala ufupi si uvivu. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakichapa neno la kila siku tangu 1731, na ni kifungu kifupi tu cha kukaa nacho kutwa.

Shida ya tafakari iko kwingine, na Yeremia 29:11 inaionyesha vizuri: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ukurasa wa kawaida utaunukuu, utaongeza kisa cha mtu aliyekosa kazi akapata bora zaidi, kisha sala. Fungua sura yenyewe. Ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu Babeli. Mstari wa 10 unataja miaka sabini; wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Rudi sura ya 28: nabii Hanania ameshatangaza huko Yerusalemu kwamba mambo yatageuka ndani ya miaka miwili, na Yeremia anampinga. Kwa maneno mengine, mstari huo uliandikiwa watu waliokuwa wakidanganywa kwamba mafanikio yako mlangoni. Ukisimama peke yake, unatumika kuhubiri alichohubiri Hanania. Baadhi ya vitabu vya "tamka na upokee", vinavyofundisha kwamba baraka ukiitamka kwa imani utaipata, vimejengwa juu ya kurasa za aina hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kipime kitabu pale dukani. Funika mstari kwa kidole, usome maelezo. Kama yanasimama bila mstari huo, mwandishi aliutafuta baada ya kuandika. Kisha pitia kurasa 30 mfululizo ukihesabu mistari inatoka vitabu vingapi. Zikijirudia Zaburi, Isaya na Wafilipi tu, utamaliza mwaka bila Amosi, bila Ayubu, bila mfano wa tajiri na Lazaro. Tazama pia kama kinakupa kifungu cha kusoma au mstari mmoja tu. Na kama ni tafsiri ya kitabu cha ng'ambo, jiandae kwa mifano ya theluji.

Mkatoliki hana haja ya kubuni ratiba: masomo ya Misa ya Jumapili huenda kwa mzunguko wa miaka mitatu, Mathayo mwaka A, Marko B, Luka C, na somo la kwanza la siku za juma katika kipindi cha kawaida huzunguka kwa miaka miwili. Msabato ana lesoni ya robo mwaka, ambayo kila juma humrudisha darasani kujadili alichosoma. Kusoma kile ambacho wenzako wanasoma wiki hiyohiyo kuna nguvu kuliko mlio wa kikumbusho kwenye simu.

Kwa anayeanza bila lolote kati ya hayo, naegemea ratiba, ila si ya Biblia nzima. Agano Jipya lina sura 260, na siku tano kwa wiki kwa wiki 52 ni 260 kamili. Sura moja, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili ni za viporo. Anza na Marko, ambayo ina sura 16 tu. Andika namba za sura bila tarehe, ili kuanza Machi kusikufanye mdaiwa. Tafakari ikiwepo, isomwe baada ya sura. Ikitangulia, utaiona sura kwa miwani ya mwandishi.

Toleo nalo lina uzito wake. Union Version ya 1952 ndiyo inayosikika kanisani, hivyo inafaa kwa kukariri. Habari Njema ni nyepesi kwa kusoma mfululizo. Kwenye simu, pakua toleo kabisa, maana ibada ya saa kumi na moja alfajiri inayongoja bando hufa wiki ya pili. Ukikuta programu inahesabu siku mfululizo na hesabu imekatika, tafuta sehemu ya kusogeza tarehe. Isipokuwepo, soma sura ya leo, weka nukta ya penseli kwenye namba za ulizoruka katika orodha yako, na uziache hapo hadi Jumamosi.