Malezi ya bure yalilipwa na nani?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Katuba, mtaa wa Lubumbashi hapa Kongo. Jirani yangu, mama kijana anayeuza kwenye duka la dawa mjini, anafungua kikwembe, kitenge cha kubebea mtoto, anamtoa mtoto wa miezi minne mgongoni na kumkabidhi mjane wa avenyu ya pili. Anatoa pia nepi nne, chupa mbili, maziwa ya unga aliyoyapima kwenye karatasi, na noti za franka zilizokunjwa hadi zimekuwa ndogo kama kidonge. Mtoto ameshika kola ya blauzi ya mama yake, hataki kuachia. Teksi-basi inapiga honi.

Juzi mama mkwe wake alikuja kutembea, akaona zile noti. "Mimi nimelea saba," akasema, "na sikumlipa mtu." Mkwe alinyamaza, kwa adabu. Nilikuwa nimekaa pale nami nikanyamaza, ila neno lile halijanitoka kichwani, kwa sababu ndilo linalosemwa karibu kila parsela, yaani kila ua, wa Lubumbashi. Wazee wanasema vijana wa leo wamegeuza mtoto kuwa bidhaa. Vijana wanajibu kwamba maisha yamekuwa ghali na kreshi, zile nyumba za kulelea watoto mchana, zinawanyonya.

Tuanze na mama mkwe, maana hasemi uongo. Hakumlipa mtu franka hata moja. Lakini alikuwa na mdogo wake, aliyeletwa kutoka Kasenga akiwa na miaka kumi na moja "ili asome mjini". Alisoma madarasa mawili. Muda uliobaki alibeba watoto, akachota maji, akapika uji. (Mjini kwetu "yaya" ni kaka au dada mkubwa, si mtumishi kama wasemavyo pwani. Watoto wale saba walimwita yaya, na hakuna aliyeona kwamba ni kazi.) Leo anauza bitoyo, samaki wa chumvi, kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini. Hesabu ya pesa humdanganyi, lakini ujumbe ukiingia kwenye simu, anampa mjukuu amsomee.

Sitaki kuwafanya wazee wetu wakatili. Kijijini kwao shule ilikuwa mbali, njaa ilikuwa karibu, na wasichana wengi waliokuja hivyo walipata nyumba, ndoa, hata mtaji. Nkambo, yaani bibi, naye anampa mtoto kitu ambacho hakuna kreshi inayokiuza: majina ya ukoo, Kibemba cha nyumbani, subira. Ninachokataa ni lile neno "bure". Malezi yale yalilipwa kwa madarasa ambayo binti mmoja hakuyasoma.

Na mlipaji huyo sasa hapatikani kirahisi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 16. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazitozi ada, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi kwenye kifungu cha 43. Binti wa miaka kumi na moja ana benchi lake darasani, hata kama wanalikalia wanne. Wengi bado wanaletwa mjini, tunawaona. Lakini mzazi wa kijijini siku hizi anauliza: atasoma wapi? Swali hilo peke yake limepandisha bei.

Je, kreshi zinanyonya? Tupige hesabu kwa mshahara wa 2025. Mwaka 2025 serikali ilipandisha mshahara wa chini kutoka franka 7,075 hadi 14,500 kwa siku. Siku 26 za kazi ni franka 377,000. Mlezi mmoja akishika watoto wachanga watano, na watano ni wengi kwa mikono miwili, kila mzazi atoe 75,400 ili mlezi tu apate mshahara huo wa chini. Bado hujalipa nyumba, ambayo mwenye nyumba anataka garanti, amana ya miezi kadhaa. Bado sabuni, maji, na makala (makaa) ya kuchemshia chupa umeme ukikatika. Basi mtu akikuambia analea kwa 50,000, ujue mojawapo: mlezi analipwa chini ya sheria, au watoto si watano bali wanane au zaidi. Nimeingia chumba kimoja cha namna hiyo. Watoto walikuwa kimya mno kwa saa nne asubuhi, nikatoka bila kuuliza bei.

Kwa upande wa mzazi, tuseme kreshi inaomba 100,000. Kwa mshahara huo wa chini wa 2025 ni zaidi ya robo ya mwezi, kabla ya kodi ya nyumba, bukari (ugali) na teksi-basi kwenda na kurudi. Na wengi hawana hata huo mshahara, wanaishi kwa walichouza leo. Kwa hiyo hasira ya mzazi ni ya haki, na bei ya kreshi nayo ni ya haki. Ndiyo maana ubishi huu hauishi.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 ilijaribu kusaidia: wiki 14 za likizo ya uzazi kwa theluthi mbili za mshahara, zisizozidi nane baada ya kujifungua, kisha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku kwa kunyonyesha. Lakini duka liko mjini, mtoto yuko Katuba. Nusu saa inaishia barabarani.

Wengine wanatazama nyuma, kwa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, na baadaye Gécamines ya serikali iliyoirithi, zilizojenga shule, hospitali na nyumba za uzazi kwa ajili ya familia za wafanyakazi. Kampuni ilihesabu mtoto wa kambini kama mfanyakazi wa kesho. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondolewa kwa ule mpango wa "kuondoka kwa hiari", familia zilijua maana ya kukabidhi malezi yote kwa mwajiri. Hata hivyo, kampuni za migodi za leo zinazomchukua baba kwenda kazini Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa, zikamwacha mama peke yake, sioni kwa nini zisichangie kreshi.

Serikali ifungue kreshi kila mtaa? Siamini, wakati walimu wa shule hizo za bure bado wapo wasioingia kwenye orodha ya mishahara. Chumba kimoja chenye maji kando ya kila soko kubwa, kinachosimamiwa na kamati ya wauzaji, kingenipa imani zaidi.

Kwa sasa jirani yangu na mama wengine wawili wameungana: wanachanga kama likelemba, yaani mchango wa zamu, na mjane anashika watoto watatu tu. Mpango ulikwenda vizuri majuma sita. Jumanne mjane aliamka na malaria, na saa moja asubuhi mama watatu walikuwa wamesimama langoni kwake, kila mmoja na mtoto mgongoni, wakipiga simu kazini.